Sura ya Sita: Bei ya Mpiganaji Mchawi

Fumo Liyongo hakuhitaji mizani. Kwa masimulizi ya pwani, mkuki haukumwingia wala mshale haukumdhuru, na aliyetaka kumuua ilimbidi kwanza aipate siri ya sindano ya shaba na kitovu. Msikilizaji halalamiki kwamba shujaa huyo ana nguvu kupita kiasi, kwa sababu simulizi lina shujaa mmoja na wengine wote wamewekwa humo ili yeye aonekane. Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika hauna nafasi hiyo. Watu wanne au watano wameketi pamoja, kila mmoja ana mhusika wake, kila mmoja ametoa jioni yake, na kila mmoja anastahili wakati ambapo kundi zima litamgeukia yeye kwa kuwa bila yeye lingeangamia. Ndiyo maana mhusika anayepigana kwa upanga na papo hapo akatumia uchawi ni mtihani mgumu kwa mtunzi wa kanuni kuliko wengine wote. Anagusa kazi za watu wawili waliokwishaketi mezani. Akizidi, anawapokonya wote wawili. Akipungua, anabaki mtazamaji katika mchezo aliokuja kuucheza.

Jibu la haraka ni nusu kwa nusu: mpe nusu ya nguvu za mpiganaji na nusu ya nguvu za mchawi, jumla itatimia. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba hesabu hiyo ina kasoro kwenye msingi wake. Nguvu mbili zikikaa katika mwili mmoja hazijumlishwi tu, huzidishana. Na kitu ambacho mhusika hana zaidi ya wenzake, hata awe na vipaji vingapi, ni zamu yake ya kutenda. Kwa hiyo bei ya kuunganisha kazi mbili itozwe kwenye zamu, mbele ya macho ya wote, wakati uleule anapoitumia nguvu hiyo. Kila bei nyingine iliyojaribiwa ama ilichelewa kulipwa, ama ililipwa mara moja na kusahaulika, ama iliangukia mtu asiyehusika.

Historia ya Dungeons & Dragons inatupa ushahidi wa kutosha. Mchezo huo wa Gary Gygax na Dave Arneson ulitoka mwaka 1974 ukiwa na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Aliyeruhusiwa kuchanganya upanga na uchawi ni mhusika wa jamii ya Elfi, kwa masharti kwamba achague kabla ya safari: leo ni mpiganaji, safari ijayo awe mchawi, bila kubadilika katikati ya mchezo mmoja. Wengi huipita kanuni hiyo kama uchanga wa mwanzo, lakini mimi naiona ilikuwa karibu na ukweli kuliko nyingi zilizoifuata. Ilitambua kwamba kinachopaswa kugawanywa ni muda. Kosa lake lilikuwa kipimo: ilimtoza mchezaji jioni nzima, na hivyo ikamnyima kile hasa alichokitaka, yaani upanga na uchawi katika pambano moja.

Baadaye bei ikahamishiwa kwenye pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi. Katika toleo la Basic la 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay, Elfi ni fani kamili: anavaa deraya yoyote, anashika silaha yoyote, na anatumia manuizo kama mchawi. Kwa raha hiyo anadaiwa pointi 4,000 kufika ngazi ya pili, wakati mpiganaji anahitaji 2,000 na mchawi 2,500. Mtu akiitazama namba hiyo peke yake ataiona bei kali. Sasa tuwafuatilie watatu hao hadi kila mmoja awe na pointi 16,000. Mpiganaji yuko ngazi ya tano. Elfi yuko ngazi ya nne. Mchawi naye yuko ngazi ya nne, ileile ya Elfi, ila huyu mchawi amevaa kanzu, ameshika kisu, na pointi zake za uhai huamuliwa kwa dadu la pande nne huku za Elfi zikiamuliwa kwa dadu la pande sita. Kwenye pointi 32,000 hali ni ileile, na kwenye 64,000 pia. Sababu ni kwamba hitaji la kila ngazi lilikuwa takriban mara mbili ya lile lililotangulia, na katika ngazi zinazojirudufu namna hiyo, kudaiwa mara mbili ni kuchelewa ngazi moja tu. Breki ya kweli, yaani ukomo wa ngazi ya kumi, ilikuja baada ya kucheza kwa muda mrefu sana, ambao makundi mengi huwa yamekwisha kuvunjika. Mchawi wa kawaida alikaa mezani muda wote huo karibu na mtu aliyefanya kazi yake akiwa ndani ya chuma.

Toleo la tatu, mwaka 2000, liligeukia deraya na ngazi. Deraya ilipewa asilimia ya kuharibu nuizo: kwa deraya kamili ya chuma, uwezekano wa 35%. Kodi ya namna hiyo ina ubaya wa kumwadhibu mchezaji kwa bahati nasibu baada ya kuamua vizuri, na wenye kujua kanuni waliikwepa kwa kuchagua manuizo yasiyohitaji ishara za mikono. Lakini somo kubwa zaidi liko kwenye ngazi. Mchezaji aliruhusiwa kugawa ngazi zake atakavyo, tuseme tano za mpiganaji na tano za mchawi. Huyo ndiye nusu kwa nusu aliyetimizwa kikamilifu, na akawa dhaifu hata cha kufanya hakuna. Mpira wake wa moto ulitupa madadu matano na kuumiza kwa wastani pointi 17.5, wa mchawi halisi wa ngazi ya kumi ulitupa kumi, wastani 35. Mchawi huyo alikuwa amefika manuizo ya daraja la tano, mwenzetu amekwama la tatu. Adui mwenye kinga ya uchawi ya 21 alipenywa na mchawi halisi nusu ya mara, na huyu robo tu. Upande wa upanga, msingi wake wa shambulio ulikuwa +7 badala ya +10. Kwa kuwa maadui hupimwa kwa jumla ya ngazi, alikutana na maadui wa ngazi ya kumi akiwa na zana za ngazi ya tano. Kila alichokifanya, palikuwa na mtu karibu yake aliyekifanya vizuri zaidi.

Kwa nini Elfi wa 1981 alizidi na huyu wa 2000 akapungua, ilhali wote wawili wametokana na wazo moja la kugawanya? Kwa sababu kuna nguvu zinazogawanyika na nguvu zinazozidishana, na kugawanya kwa upofu hakuzitofautishi. Umahiri wa mashambulizi hugawanyika: nusu ya umahiri ni nusu kweli. Kinga ni jambo lingine kabisa. Katika toleo la tano, lililotoka 2014, kuna nuizo la daraja la kwanza liitwalo Shield linaloongeza kiwango cha kinga kwa 5 hadi zamu inayofuata. Chukua mchawi mwenye kinga ya 15, anashambuliwa na adui mwenye +7 kwenye dadu la pande 20. Bila nuizo adui anapata shabaha 65%. Nuizo likitumika, 40%. Amepunguza mapigo kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Sasa mpe nuizo lilelile mtu aliyevaa deraya kamili na ngao, kinga 20. Adui anashuka kutoka 40% hadi 15%, yaani zaidi ya nusu ya mapigo yametoweka. Nuizo ni moja na gharama ni moja, ila mikononi mwa aliyekwisha kujikinga lina thamani zaidi ya mara moja na nusu. Hakuna kiasi cha pointi za uzoefu kinachorekebisha jambo hilo, kwa sababu tatizo linazaliwa pale vitu viwili vinapokutana katika tukio moja.

Hapo ndipo zamu inapoingia. Ukimkuta mhusika mwenye deraya, ngao, upanga na manuizo, swali la mtunzi lisiwe ana vitu vingapi, liwe anaweza kuvitumia vingapi kwa pamoja. Eldritch Knight wa 2014, mpiganaji mwenye uchawi wa toleo hilo la tano, alianza kulijibu: kuanzia ngazi ya saba, akitumia nuizo dogo kama tendo lake kuu, anaruhusiwa pigo moja la upanga kama tendo la ziada. Wazo zuri, lakini lilikokotolewa vibaya, maana kufikia ngazi ya kumi na moja mpiganaji huyohuyo ana mapigo matatu kwa tendo moja, na mara nyingi kuacha uchawi kukawa na faida kuliko kuutumia. Magus wa mchezo wa Pathfinder, fani iliyochapishwa 2011 katika kitabu cha Ultimate Magic, aliangukia upande wa pili: kwa kupunguziwa 2 tu kwenye mashambulizi yake, alishambulia na kutumia nuizo katika zamu ileile, na nuizo lenyewe lingeweza kupita ndani ya upanga. Zamu yake haikulipa karibu chochote. Matokeo yalionekana haraka. Wachezaji waligundua kwamba nuizo la Shocking Grasp, lenye madadu matano ya umeme, likipitishwa kwenye upanga mpindo wenye nafasi pana ya pigo maradufu, linashinda karibu kila mpango mwingine, na fani iliyokusudiwa kuwa na sura nyingi ikajaa watu wenye silaha moja na nuizo moja. Unapoacha kutoza zamu, unapoteza mizani na unapoteza utofauti pamoja nayo.

Magus wa toleo la pili la Pathfinder, aliyetoka 2021 katika Secrets of Magic, ndiye mfano ninaouheshimu zaidi. Kila mhusika ana matendo matatu kwa zamu. Pigo lake la upanga wenye uchawi linakula mawili, halafu haliwezi kurudiwa mpaka litiwe nguvu upya, kwa kawaida kwa tendo jingine. Shambulio moja la dadu linaamua hatima ya upanga na nuizo pamoja, kwa hiyo akikosa amekosa vyote. Akitaka kupiga na kujitia nguvu kwa njia ya kawaida katika zamu moja, hana hata tendo la kusogea hatua. Adui akirudi nyuma, lazima achague. Idadi ya manuizo yake nayo ni ndogo: tangu ngazi za mwanzo mwanzo anabaki na manne, yote ya madaraja ya juu aliyofikia. Mpiganaji aliye jirani yake anaona bei ikilipwa, mchawi naye anaiona. Hilo la kuonekana lina uzito sawa na hesabu yenyewe, kwa sababu watu mezani huvumilia nguvu kubwa ya mwenzao ikiwa wameshuhudia alichokitoa.

Tujaribu basi kuunda fani kwa msingi huo, kwa kanuni za toleo la tano, katika ngazi ya tano ambapo mpiganaji ana mapigo mawili kwa zamu. Mpe mhusika wetu deraya ya wastani na nafasi nne za manuizo kwa siku. Akitaka kutumia nuizo la kushambulia, kwanza alitie upangani, na kulitia kunachukua nafasi ya pigo moja kati ya mawili. Nuizo linakaa humo hadi mwisho wa zamu yake inayofuata. Pigo la kwanza litakalopata shabaha baada ya hapo, kuanzia zamu hiyo inayofuata, linalifungua. Upanga ukiwa umebeba nuizo, hawezi kutumia nuizo jingine lolote, hata Shield. Sasa hesabu, tukiacha mapigo maradufu ya bahati. Kila pigo likiumiza 8.5 kwa uwezekano wa 65%, mpiganaji halisi anatoa wastani wa 11 kwa zamu, 22 kwa zamu mbili. Mhusika wetu anatoa 5.5 katika zamu ya kutia, 11 katika zamu ya kupiga, na nuizo la madadu matatu ya pande nane, wastani 13.5, linafunguka karibu 88% ya mara, hivyo linaongeza takriban 12. Jumla ni 28 na ushei. Amemzidi mpiganaji kwa 6 hivi kwa kila nuizo, na kwa manuizo manne amemzidi kwa 25 katika siku nzima. Mpiganaji naye ana haki yake ya kuchukua tendo la pili kila baada ya mapumziko mafupi. Akiitumia mara tatu kwa siku amejiongezea 33. Kwa kuumiza tu, mpiganaji anabaki mbele kidogo, na ndivyo ninavyotaka, kwa sababu mwenzake anachagua kama nuizo lake litagandisha miguu ya adui, litamsukuma au litamzima macho. Ukiondoa sharti la kutia na kuruhusu nuizo lifunguke papo hapo, zamu yake ya kwanza inafika karibu 23, zaidi ya mara mbili ya mpiganaji. Mapambano mengi huamuliwa katika zamu mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo tofauti hiyo moja ndiyo inayotenganisha mwenzi na mpokonyaji.

Atakuja mtu aseme kwamba mchezo huu ni wa ushirikiano, hakuna mshindi wala mshindwa, mizani ya nini? Msimamizi wa mchezo akiona mhusika mmoja amezidi, aongeze nguvu za maadui. Pingamizi hili lina nia njema, na linavunjika kwa hesabu ya mstari mmoja. Yule mhusika wa awali wa deraya kamili, ngao na Shield ana kinga 25. Ili adui ampate 40% ya mara, kama anavyowapata wengine wenye ulinzi mzuri, anahitaji +12. Adui huyohuyo akimgeukia mchawi mwenye kinga 15, anampata 90%. Msimamizi aliyekusudia kumbana mmoja amemuua mwingine, na aliyesababisha tatizo bado amesimama. Mizani katika mchezo wa ushirikiano haipo kati ya wachezaji na maadui. Ipo kati ya marafiki, na marafiki wanahitaji kulindiwa haki zao kuliko washindani, kwa sababu wao hawatadai kwa sauti. Wataacha tu kuja.

Pingamizi la pili nalitaja kwa ufupi: kwamba orodha finyu ya manuizo inamfanya mchawi asiwe mchawi. Duskblade wa 2006, fani nyingine ya upanga na uchawi, alipewa orodha yake fupi ya mapigano na hakuna aliyemwona si mchawi. Kuruka, kutoonekana, kusoma mawazo, kufungua milango ni kazi za yule aliyekubali kuingia vitani na kanzu, ziachwe kwake.

La tatu ndilo zito, na linamhusu hata Magus wa 2021 niliyemsifu. Ukimpa mchezaji mpangilio wa kutia na kupiga, kutia na kupiga, umempa wimbo wenye noti mbili, na baada ya jioni chache anauimba bila kufikiri. Ni kweli. Bei ya zamu ikiwa ile ile kila mara, huwa si uamuzi tena, huwa desturi. Dawa yake si kuishusha bei, ni kuifanya itegemee hali ya uwanja. Ndiyo sababu niliweka sharti la kutotumia Shield upanga ukiwa umebeba nuizo. Kutia nuizo mbele ya maadui watano wenye pinde ni hatari kubwa. Kutia mbele ya jitu moja linalosubiri zamu yake ni hatari nyingine. Na kuna nyakati ambapo aliyekwisha kulitia atalazimika kulimwaga bure ili aokoe maisha yake. Kuna njia nyingine ya kuongeza uhai: mwenzake akimshika au akimwangusha adui, pigo lenye nuizo lipate nafasi bora, ili uamuzi wa kutia uwe mazungumzo ya meza nzima badala ya hesabu ya mtu mmoja. Nuizo lililotiwa kabla ya mlango kufunguliwa halitamfaa asiyejua kilicho nyuma yake, maana linakufa baada ya zamu moja. Anayejua kwa sababu mpelelezi wa kundi amechungulia amelipiwa bei yake na rafiki, na hilo ni jambo la kushangiliwa.

Kinachobaki ni ngazi za juu, ambako bei yenyewe inayeyuka mtunzi asipoangalia. Mwenye mapigo mawili akitoa moja ametoa nusu ya zamu. Akifika ngazi ya kumi na moja na kupata la tatu, pigo lilelile ni theluthi tu, huku manuizo yake yamekua. Baadhi ya watunzi hapo hupunguza nguvu za nuizo, na mchezaji anahisi amepandishwa ngazi ili anyang'anywe. Afadhali uwiano uandikwe kwenye kanuni tangu mwanzo: nuizo la daraja la kwanza na la pili lichukue pigo moja, la tatu lichukue mawili kati ya matatu, na linalofuata lile zamu nzima ya upanga, ili atakayelitaka asimame katikati ya maadui bila kupiga hata mara moja, akisubiri zamu yake irudi.